Chumvi ya zizini na chumvi ya malishoni: ifaapo na isipofaa kwa wafugaji wa Jinja na Mbale

Ng'ombe anayelamba ukuta wa zizi, anayetafuna nguzo za boma, au anayenyoosha ulimi kuupokea mkojo wa mwenziwe, si mtukutu wala hakurogwa. Mara nyingi anatafuta chumvi. Wafugaji wa mashariki mwa Uganda, kuanzia Jinja panapoanzia Mto Nile hadi Mbale chini ya Mlima Elgon, wameyaona hayo tangu zamani na dawa yake wanaijua. Lisilokubaliwa na wote ni kiasi gani kitolewe, chumvi ya aina gani, na kama kuna faida yoyote kuimwaga chumvi hiyo hiyo juu ya malisho ili iwe mbolea. Swali hili la mwisho husikika sana nyakati ambazo bei ya mbolea za dukani imepanda, maana gunia la chumvi ni rahisi kuliko gunia la mbolea.

Jibu la swali la kwanza limekwisha kuthibitishwa mahali pengi duniani. La pili linategemea aina ya nyasi, udongo na mteremko wa shamba, na mkulima akilikosea hasara huwa kubwa kuliko bei ya gunia.

Kwa nini chumvi ni haba upande huu

Chumvi ya kawaida ni muungano wa sodiamu na kloridi. Katika kila gramu 100, sodiamu ni kama gramu 39 na zilizosalia ni kloridi. Mnyama huvihitaji vyote viwili, lakini sodiamu ndiyo inayokosekana upesi katika malisho ya bara.

Bahari ndiyo inayogawa sodiamu kwa nchi kavu. Upepo huchukua chembe za maji ya chumvi, na mvua huzishusha ardhini. Kadiri nchi ilivyo mbali na pwani ndivyo mvua inavyokuwa na chumvi kidogo. Jinja iko zaidi ya kilomita 800 kutoka Bahari ya Hindi kwa mstari ulionyooka. Isitoshe, ukanda huu wa Busoga na Bugisu hupata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, na sodiamu ni wepesi kuoshwa. Haishikamani na udongo kama kalsiamu au potasiamu. Hufuata maji hadi mitoni. Hata Ziwa Viktoria, ambalo mifugo mingi ya Jinja hunywa maji yake, ni ziwa la maji baridi na chumvi yake ni ndogo mno.

Juu ya hayo yote uko ufugaji wenyewe. Mashamba ya Mbale yamegawanyika kwa urithi hadi kuwa vipande vidogo, na ng'ombe wengi wa maziwa hawatoki nje. Hukatiwa majani ya tembo, yaani matete, huongezewa maganda ya matoke, mabua ya mahindi na mashina ya viazi vitamu. Mradi wa hisani kutoka Uingereza ulioleta mitamba ya Friesian nchini kwa ndege mwaka 1988, na miradi mingine iliyofuata, iliufanya ufugaji huo wa zizini kuwa jambo la kawaida vijijini. Ng'ombe huyo hawezi kutembea hadi kwenye udongo wa magadi kama alivyofanya babu yake. Mahindi ni mmea wenye sodiamu kidogo kwa asili yake, na maganda ya matoke yamejaa potasiamu, madini ambayo yakizidi huisukuma sodiamu nje ya mwili. Asipoletewa chumvi horini, hana pengine pa kuipata.

Kinachotendeka mwilini

Ng'ombe hutoa mate mengi kuliko watu wengi wanavyodhani: lita 100 na zaidi kwa siku. Mate hayo huingia katika tumbo la kwanza na kuzima ukali wa asidi inayotokana na uchachukaji wa majani. Kazi hiyo hufanywa kwa sehemu kubwa na chumvichumvi za sodiamu. Sodiamu ya mwilini ikipungua, mwili huanza kuikopa kutoka katika mate na kuweka potasiamu mahali pake. Kwa sababu hiyo ng'ombe anaweza kuishi na upungufu kwa wiki nyingi bila dalili ya wazi, na maabara hupima uwiano wa sodiamu na potasiamu katika mate ili kuutambua mapema.

Mkopo huo una kikomo. Hamu ya kula hupungua, maziwa hushuka, manyoya hukakamaa na kupoteza mng'ao, na ndama hukawia kukua. Ulambaji wa vitu vya ajabu huanza kabla ya hapo. Dalili hizi zinafanana na za minyoo, za upungufu wa fosforasi na za njaa ya kawaida, hivyo si busara kumhukumu ng'ombe kwa kumtazama tu. Bali chumvi ina sifa moja ambayo madini mengine hayana: mnyama anaijua. Ng'ombe mwenye upungufu wa sodiamu ataifuata chumvi na kuila hadi atosheke. Hana hisia kama hiyo kwa shaba wala selini, na mfugaji anayeamini kwamba ng'ombe hujichagulia kila madini anayoyahitaji anajidanganya.

Hesabu ya kiasi si ngumu. Lita moja ya maziwa hubeba takriban nusu gramu ya sodiamu. Ng'ombe anayetoa lita 10 kwa siku hupoteza gramu 5 za sodiamu, sawa na gramu 13 hivi za chumvi, kabla ya kuhesabu jasho, mkojo na kinyesi. Ndiyo maana kiasi kinachopendekezwa kwa ng'ombe wa maziwa wa kadiri hiyo ni gramu 30 hivi kwa siku, yaani vijiko viwili vya mezani visivyojaa sana, na wale wa lita 20 huhitaji kukaribia gramu 50. Mbuzi hutosheka na gramu 5 hadi 10.

Chumvi ya mlimani

Habari ya chumvi ya mifugo katika eneo hili haiwezi kuelezwa bila mapango ya Mlima Elgon. Mlima huu ni volkano iliyokufa, na baadhi ya matabaka yake ya majivu yaliyogeuka mwamba yana sodiamu nyingi. Maji yanayopenya mwambani huyeyusha madini hayo na kuyaacha kwenye kuta za mapango kama ukungu mweupe wa fuwele. Sehemu kubwa yake ni salfeti ya sodiamu, si chumvi ya mezani, lakini mwili wa mnyama haubagui: unachokitaka ni sodiamu.

Upande wa Kenya liko pango la Kitum, ambalo limejulikana ulimwenguni kwa sababu ya ndovu. Wanyama hao huingia gizani hadi ndani kabisa, wakipapasa njia kwa mkonga, kisha huchokoa mwamba kwa pembe, huuvunja na kuutafuna. Alama za pembe zimejaa kutani, na wachunguzi wanaamini kwamba uchimbaji wao wa vizazi vingi umelipanua pango lenyewe. Nyati, pongo na wanyama wengine hufuata kulamba mabaki. Ujangili wa miaka ya 1980 uliwapunguza sana ndovu hao.

Watu nao hawakuwa nyuma. Mvumbuzi wa Uskoti Joseph Thomson alipofika Elgon mwaka 1883 alikuta mapango yenye wakazi, pamoja na ng'ombe wao. Mapango yalikuwa ngome dhidi ya wavamizi, na kuta zake zilikuwa chakula cha mifugo. Wafugaji wa mlimani, Wasabaoti wa upande wa Kenya na ndugu zao Wasebei wa Kapchorwa, walichimba mwamba wenye chumvi na kuuponda kwa ajili ya mifugo yao. Anayetaka kuifuata desturi hiyo leo anapaswa kukumbuka mambo mawili. Mapango mengi yamo ndani ya hifadhi za taifa, na baadhi yake ni makazi ya popo. Wagonjwa wa homa ya Marburg wa mwaka 1980 na 1987 nchini Kenya walikuwa wamezuru Kitum kabla ya kuugua.

Chumvi ipi

Chumvi inayouzwa katika maduka ya Jinja na Mbale kwa sehemu kubwa hutoka pwani ya Kenya, kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni na Ngomeni kaskazini mwa Malindi, na huingia kwa malori kupitia Malaba na Busia. Imetiwa madini ya joto, yaani ayodini. Hilo ni jema kwa mifugo pia, maana udongo wa milimani una ayodini haba, na ndama au mwanambuzi anayezaliwa na uvimbe shingoni huweza kuwa na rovu kama binadamu.

Chumvi ya Ziwa Katwe, wilayani Kasese, magharibi mwa nchi, huuzwa kwa mabonge, na bonge gumu lililochimbwa chini ya ziwa limekuwa likitumika kwa mifugo tangu enzi za falme. Si safi kama ya pwani, na haina ayodini iliyoongezwa, lakini kwa ng'ombe inatosha na hailiwi kwa pupa. Magadi ni jambo jingine. Yana sodiamu kweli, ila hayana kloridi ya kutosha, na magadi ya Bonde la Ufa mara nyingi yana floridi nyingi, madini yanayoharibu meno na mifupa yanapotumika kwa muda mrefu. Kuyatoa kila siku badala ya chumvi si jambo la kushauri.

Matofali ya kulamba yanayouzwa katika maduka ya dawa za mifugo huwa na chumvi pamoja na madini mengine. Mfugaji asome maandishi ya kifungashio: mengine ni chumvi tupu iliyotiwa rangi, na bei yake ni ya mchanganyiko kamili. Palipo na upungufu wa fosforasi, na upo mahali pengi Uganda, tofali la chumvi tupu haliutibu, na ng'ombe ataendelea kutafuna mifupa, jambo linaloweza kumletea sumu ya botulismu.

Kwa wakazi wa Jinja iko fursa ya pekee. Kiwanda cha sukari cha Kakira, kilichoanzishwa mwaka 1930, kiko jirani, na molasi ndiyo gundi ya tofali la kutengeneza nyumbani. Mchanganyiko wa kawaida ni molasi karibu nusu, pumba kama robo au zaidi, saruji au chokaa ya kushikiza sehemu moja kwa kumi, urea isiyozidi sehemu moja kwa kumi, na chumvi kati ya asilimia 5 na 10. Chumvi humo hufanya kazi mbili: hulisha, na humzuia ng'ombe asile tofali kwa haraka. Urea haifai kwa ndama wachanga, nguruwe, punda na kuku, na huweza kuwa sumu hata kwa ng'ombe mzima mwenye njaa aliyelipata tofali lililoloweshwa na mvua. Tofali hilo lisitolewe kamwe kwa mnyama mwenye tumbo tupu.

Jinsi ya kuitoa

Sanduku la mbao lililoinuliwa chini ya paa ndilo bora kuliko chuma, kwa kuwa chumvi hula chuma. Mvua za Mbale zinaweza kuyeyusha tofali kwa wiki chache likiachwa wazi. Kwa ng'ombe wa zizini, chumvi ya unga huchanganywa na pumba au mashudu wakati wa kukamua, na kila mnyama hupata kipimo chake bila kunyang'anywa na mwenye nguvu.

Sharti kubwa ni maji. Ng'ombe mwenye maji tele huweza kula chumvi ya ziada na kuitoa kwa mkojo bila madhara. Aliyenyimwa maji hata kwa siku moja au mbili, kisha akala chumvi nyingi, huweza kupata sumu ya chumvi: hupofuka, huzunguka, huanguka na kutetemeka. Anapofikia hali hiyo asimwagiwe maji yote mara moja, kwa maana ubongo huvimba na kifo huja upesi. Apewe kidogo kidogo, na daktari wa mifugo aitwe. Ng'ombe wa maziwa huhitaji lita 50 hadi 80 kwa siku, na zaidi wakati wa joto. Katika kaya ambako maji hubebwa kichwani kutoka kisimani, hapo ndipo penye hatari yenyewe, na mara nyingi wanaobeba ni wanawake na watoto. Nguruwe na kuku huathirika kwa wepesi zaidi kuliko ng'ombe. Mabaki ya chakula chenye chumvi nyingi yameua mabanda mazima.

Mtamba anayekaribia kuzaa mara ya kwanza apunguziwe chumvi katika wiki za mwisho, kwani huongeza uvimbe wa kiwele.

Je, chumvi ni mbolea?

Hapa lugha yenyewe imechangia mkanganyiko. Katika Kiswahili, hasa cha Tanzania, mbolea za viwandani huitwa mbolea za chumvichumvi. Jina hilo ni sahihi kikemia, kwa sababu urea tukiiacha kando, nyingi kati yake ni chumvi za amonia, za potasiamu na kadhalika. Lakini asikiaye jina bila maelezo huweza kudhani kwamba chumvi ya jikoni ni ndugu wa karibu wa mbolea. Chumvi ya jikoni haina naitrojeni, haina fosforasi, haina potasiamu. Matete yaliyodumaa kwa kukosa samadi hayatarefuka kwa kumwagiwa chumvi.

Kwa upande mwingine, wanaosema kwamba chumvi huua kila ardhi nao wamepita kiasi. Kisa maarufu cha Warumi kuipanda Karthago chumvi hakimo katika maandishi ya kale. Kilitungwa karne nyingi baadaye. Kuna mimea inayopenda sodiamu. Kiazisukari cha Ulaya, ambacho asili yake ni mmea wa ufukweni, hutiwa chumvi na wakulima wa Uingereza kwa mamia ya kilo kwa hekta, na mavuno huongezeka. Ufilipino, mamlaka ya minazi huwashauri wakulima kuweka chumvi ya kawaida shinani, kwa kuwa mnazi una njaa ya kloridi, hasa ulio mbali na bahari. Katika nyanda za kati za New Zealand, ambako udongo wa volkano una sodiamu haba, chumvi hutawanywa malishoni. Nchini Wales, watafiti wa miaka ya 1990 waliona kwamba ng'ombe walipendelea nyasi zilizotiwa sodiamu na kuzila zaidi.

Lakini tazama lengo lilivyokuwa katika mifano hiyo miwili ya mwisho. Chumvi haikumwagwa ili nyasi zikue sana. Ilimwagwa ili nyasi ziwe na ladha na zimfikishie ng'ombe sodiamu. Na hilo huwezekana tu kwa nyasi zinazoipandisha sodiamu hadi majanini. Nyasi za Rhodes na majani ya gini hufanya hivyo. Nyasi za Kikuyu na mahindi huizuia mizizini. Mkulima akizimwagia chumvi, nyingi itaishia mtoni.

Sasa hesabu. Ng'ombe mmoja kwa gramu 30 kwa siku hutumia kilo 11 hivi kwa mwaka. Malishoni, kiasi cha kawaida ni kama kilo 100 kwa hekta, na mvua za Busoga huchukua sehemu yake kabla nyasi hazijainyonya. Mwenye ng'ombe mmoja katika hekta moja atatumia karibu mara tisa ya chumvi kumpa mnyama yule yule kitu kile kile. Kwa mwenye robo ekari ya matete na hori moja hakuna la kujadili: chumvi iende horini.

Tena haipotei ikienda horini. Sodiamu ya ziada hutoka kwa mkojo, na mkojo wa zizini, ukikingwa na kurudishwa shambani pamoja na samadi, huipeleka hiyo sodiamu kwenye matete ikiwa imefuatana na naitrojeni na potasiamu ambazo mmea unazihitaji kweli. Sakafu yenye mteremko na shimo la kukinga mkojo vina thamani kubwa kuliko magunia mengi ya chumvi.

Hatari iliyo kubwa zaidi iko miteremkoni. Katika vilima vya Wanale, Manafwa na Bududa, matete hupandwa kwa mistari inayokata mteremko, katikati ya migomba, maharage na kahawa ya arabika. Maharage ni miongoni mwa mazao yanayoumizwa upesi na chumvi, na kahawa na migomba haviipendi. Chumvi iliyomwagwa juu ya mstari wa matete hushuka na mvua ya kwanza hadi kwenye maharage ya jirani. Ikizidi, hufanya udongo wa mfinyanzi usambaratike, ufunge vinyweleo na kukataa maji, na matete yenyewe hufa. Mistari hiyo si chakula tu. Ndiyo inayoshika udongo wa juu usichukuliwe na maji. Eneo ambalo lilizika watu wengi huko Nametsi, Bududa, Machi 2010, halina nafasi ya majaribio ya aina hiyo. Tambarare za mfinyanzi kama zile za mpunga za Doho, wilayani Butaleja, nazo zisiguswe: maji yanayotuama huiacha chumvi pale pale.

Kuna pia wafugaji wanaomwaga chumvi juu ya matete yaliyogeuka manjano na kufupika wakidhani yamekosa madini. Mara nyingi huo ni ugonjwa wa kudumaa kwa matete, unaosababishwa na vijidudu vinavyoenezwa na mdudu mdogo arukaye majanini na kwa vipando vyenye maambukizi. Chumvi haiutibu. Shina hung'olewa na mizizi yake, na vipando vipya hutafutwa kwenye shamba safi.

Mwenye malisho ya wazi na tambarare, pengine katika viunga vya Jinja au kuelekea Kamuli, anayetaka kujua kama udongo wake una upungufu, anaweza kupeleka sampuli katika maabara za utafiti wa kilimo za Kawanda au Chuo Kikuu cha Makerere. Yako pia majaribio yasiyo na gharama kubwa. Pima kipande cha mita 10 kwa 10 chenye nyasi za Rhodes au majani ya gini, mbali na bustani na kisima, tawanya kilo moja ya chumvi mwanzoni mwa mvua ndogo ndogo, na kipande cha jirani ukiache kama kilivyo. Baada ya wiki nne hadi sita wafungulie ng'ombe ambao hawakupewa chumvi siku mbili tatu, wakiwa na maji ya kutosha, na utazame wanaanzia wapi kula.